Uliipimia wapi?

Najua nimepotea karibu mwezi mzima na wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko, msiwe na wasiwasi. Tulikuwa na mitihani, halafu nikaenda nyumbani Murongo, na Murongo siyo mahali pa kwenda na kurudi siku mbili. Leo ni Jumapili usiku, mwenzangu wa chumbani kalala, feni inatoa kelele nyingi kuliko upepo, na nimeona bora niandike lile swali ambalo limenikaa kichwani tangu siku niliyomwonyesha babu kamera.

Kwa wasiopajua: Murongo iko Kyerwa, mkoa wa Kagera. Mpaka 2012 kote huko tuliita Karagwe tu, ndipo wilaya ikagawanywa. Mto Kagera unapita hapo, ng'ambo ni Kikagati, Uganda. Ukisimama kwetu unamwona mtu wa nchi nyingine anafua nguo. Siku hizi hapo mtoni kuna mtambo ambao umeme wake unagawanywa kati ya nchi hizi mbili, megawati 14. Kwa hiyo msidhani natoka porini, nyie watu wa Sinza!

Basi bwana, kabla ya kusafiri nilinunua kamera ya mtumba pale Kariakoo. Nilitaka nimpige babu picha nzuri kabla hajazeeka zaidi, na nipige mto, na migomba, na wale ng'ombe wenye pembe ndefu. Muuzaji akaiwasha mbele yangu. Lenzi ikatoka, ikarudi. Akanipiga picha mimi mwenyewe, akanionyesha: safi kabisa. "Hii imejaribiwa, mdogo wangu," akasema. Nikalipa pesa yote, tena pesa ya bumu.

Safari mnaijua. Basi mpaka Karagwe, haisi mpaka Nkwenda, kisha pikipiki na begi mgongoni. Vumbi la njia ile ni jekundu na ni laini kama unga, linaingia hata kwenye chakula kilichofunikwa. Nikafika, nikasalimia, nikaoga, asubuhi nikamtoa babu nje akavaa koti lake. Nikawasha. Lenzi ikatoka nusu, ikalia krrrr, ikagoma. Haikutoka, haikurudi. Babu kakaa na koti lake anasubiri, na majirani wamejaa.

Nikajitetea: "Lakini babu, niliijaribu kabla ya kununua!"

Babu akauliza swali moja tu: "Uliipimia wapi?"

"Dukani."

"Na kazi yake ilikuwa ya dukani?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa aibu. Lakini usiku nikiwa kitandani lile swali likakataa kunitoka. Mi nasoma historia, na nusu ya niliyoyasoma kuhusu nchi hii ghafla niliyaona yana swali hilohilo ndani yake. Mashine ngapi zimekuja hapa zikiwa "zimejaribiwa"? Zilijaribiwa wapi? Na mashine isipojaribiwa, anayejaribiwa ni nani?

Twende taratibu.

Nianze na ndege, maana kwenye kisa hiki hata kamera imo. Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani walikuwa na meli ya kivita huku iitwayo Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, palepale Zanzibar, halafu ikaenda kujificha ndani ya delta ya Rufiji. Anayeijua delta ile anajua: mikoko, vijito vinavyogawanyika kama vidole, maji yanayojaa na kupwa. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia. Wakaona dawa ni ndege.

Kumbuka ndege zenyewe zilikuwa na umri wa miaka kumi na kitu tu tangu zibuniwe. Wakamkodi rubani raia kutoka Durban, H. Dennis Cutler, na ndege yake ya kutua majini aina ya Curtiss. Ilikuwa ndege ya kurukia watu wa mjini wenye pesa za kutalii. Rejeta yake ikashindwa na kazi. Unajua wakafanyaje? Wakatafuta rejeta ya gari la Ford huko Mombasa wakaifunga kwenye ndege. Ufundi wa Gerezani kabisa, na ni 1914! Cutler aliiona meli ilipojificha, ila Desemba injini ikamwangusha, akatekwa na Wajerumani.

Mwanzoni mwa 1915 zikaja ndege rasmi za jeshi la wanamaji, Sopwith mbili. Hizi sasa zilikuwa zimejaribiwa na wataalamu, Uingereza. Zilipofika kwenye joto na unyevu wa pwani yetu, gundi ikaachia, mbao zikapinda, na injini hazikuwa na nguvu ya kuziinua na mzigo wake. Hewa ya joto ni nyepesi, bawa halipati cha kukanyagia, injini nayo haipati pumzi ya kutosha. Uingereza nani angeligundua hilo? Zikaletwa nyingine, aina ya Short, nazo zilipanda kwa shida, ila Aprili 1915 moja ikafika juu ya delta na kuipiga Königsberg picha. Mwisho zikaletwa Caudron na Henri Farman za kurukia ardhini, uwanja ukafyekwa kisiwani Mafia.

Tarehe 6 Julai 1915 wakashambulia, mamia ya mizinga, meli haikufa. Wakarudi tarehe 11 Julai. Ndege ya Cull na Arnold ikiwa juu inawaelekeza wapiga mizinga, ikapigwa, na huku inashuka jamaa bado anatuma ishara za kurekebisha shabaha. Siku hiyo Königsberg ikaisha.

Kwa hiyo ndege ilishinda. Lakini angalia hesabu: karibu miezi minane, aina tano za ndege, ndipo wakapata zinazofaa. Majaribio hayakufanyika kabla ya kazi. Yalifanyika ndani ya kazi, na kila kosa lilikuwa na gharama. Ila hao angalau walikuwa wanajaribu kwa shingo zao wenyewe. Rubani ndiye aliyekuwa anaanguka.

Kisa cha pili ni cha Kongwa, na hapa shingo zinabadilika.

Mliosoma historia ya fomu thrii mtakumbuka mradi wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 ukatumwa ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuja kutazama ardhi. Ulikaa wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo uliitazama kutoka kwenye ndege. Ukaandika kwamba ekari zaidi ya milioni tatu zinaweza kulimwa karanga, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo, Nachingwea.

Mashine zikaanza kuingia 1947. Trekta nyingi zilikuwa mitumba ya jeshi la Marekani, nyingine zimetolewa Ufilipino, zimekaa kwenye mvua na chumvi. Kiwanda cha Vickers kikachukua vifaru vya Sherman kikavigeuza kuwa trekta, wakaziita Shervick. Kwenye karatasi zilikuwa jitu la kutisha. Zilikuwa zimekanyaga Wajerumani, sasa vichaka vya Ugogo ni kitu gani?

Kumbe vichaka vya Ugogo ni kitu. Mizizi yake imesukana chini ya ardhi, na udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, tena una mchanga mkali unaokula chuma kama msasa. Majembe ya trekta yakawa yanakwisha kama sabuni. Kufikia mwisho wa kiangazi cha kwanza, theluthi mbili ya trekta zilikuwa zimelala. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, zilizopatikana hazikufika hata 10,000. Na mvua, ambayo Mgogo yeyote angekuambia kwamba ina mwaka wa kuja na mwaka wa kukataa, ikakataa.

Tusiwaonee, kuna vitu walijifunza. Waligundua kwamba trekta mbili zikivuta mnyororo mkubwa wa nanga ya meli katikati yao zinaangusha vichaka haraka kuliko kusukuma mti mmoja mmoja. Lakini hilo ni jambo la kugundua kwenye ekari hamsini na trekta mbili, si kwa nchi nzima. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuufunga mradi, kama pauni milioni 36 zimekwenda.

Na ardhi iliyochunwa ilibaki kwa nani? Siyo kwa Wakefield. Hapo ndipo nikaelewa lile swali la babu lina sehemu ya pili. Isipojaribiwa mashine, anajaribiwa mwenye shamba.

Sasa, kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, hata mimi nililikuta maktaba nikitafuta kitu kingine kabisa. Mwaka 1955, miaka minne tu baada ya aibu ya Kongwa, Tanganyika ilianzisha kituo cha kupima zana za kilimo pale Tengeru, Arusha. Kikaja kujulikana kwa kifupi TAMTU. Kazi yake ilikuwa kuchukua jembe, mkokoteni, trekta, mashine ya kupukuchua mahindi, na kuzifanyisha kazi kwenye udongo wa hapa kabla mkulima hajauziwa. Yaani ni lile swali la babu limejengewa ofisi! Kituo hicho kiliunganishwa na mradi mwingine wa teknolojia uliokuwepo Arusha, ikaundwa CAMARTEC kwa sheria ya Bunge ya 1981.

Kupima jembe siyo kulitazama. Unalifunga kwa ng'ombe au trekta, unapima nguvu linayovutwa nayo, kina linachochimba, muda linaomaliza ekari, na ncha yake imelika kiasi gani baada ya ekari hizo. Halafu unampa mkulima alishike, kwa sababu kuna jembe ambalo fundi analisifia na mwenye mgongo analilaani. Jembe likifaulu kwenye tifutifu la Arusha bado hujamaliza, ulipeleke na kwenye mfinyanzi wa kanda ya ziwa. Kila udongo ni mtihani wake, na kufaulu mmoja hakukupi cheti cha mwingine. (Wanaosoma kwa desa mnanielewa.)

Nije kwenye magari, maana najua kuna wadau hapa wanasubiri magari tu.

Mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika yalianzishwa mashindano ya magari ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Ndiyo yaliyokuja kuwa Safari Rally. Miaka hiyo hayakuwa mashindano ya kiwanjani. Ni maelfu ya kilomita za barabara za kawaida, zilezile ambazo basi la kwenda Karagwe lilikuwa linapita, vumbi upande mmoja na tope upande mwingine, mara nyingi wakati wa Pasaka mvua zikiwa zimeanza. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 pia yakamaliza saba. Si mchezo.

Viwanda vya Ulaya na Japani vikaona haraka kwamba hapa pana kitu ambacho hawawezi kukijenga kwao. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, na hizo mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland, mtu wa Dar es Salaam. Ndiyo maana wazee wetu ukiwatajia Peugeot sura zinabadilika. Babu anakumbuka Peugeot zilizokuwa zinapandisha milima ya Karagwe zimejaa watu na ndizi juu, na hakuna aliyehitaji kumweleza kama gari lile zuri. Alikuwa ameliona likifanya kazi kwenye barabara yake.

Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha Wajapani. Datsun walikuja 1963 wakashindwa vibaya, gari zao hazikufika mwisho. Wangeweza kusema barabara ndiyo mbaya. Badala yake wakarudi. Mwaka 1966 wakashinda kwenye kundi la magari madogo. Mwaka 1970 wakashinda mashindano yote, dereva Edgar Herrmann, na 1971 tena. Kati ya 1963 na 1970 ni miaka saba ya kuvunjika, kuokota kilichovunjika, kuuliza kwa nini kimevunjika, na kukiimarisha. Wengi wetu tunadhani gari likivunjika majaribio yameshindwa, kumbe ndiyo yamefaulu! Limekuonyesha pa kurekebisha kabla hujamuuzia mtu.

Weka Kongwa na Safari Rally kwenye mizani moja. Nchi ni hiihii, vumbi ni lilelile, miaka ni ya jirani. Kwenye rali gari likifeli, kiwanda kinapata aibu na kinarekebisha. Kongwa trekta likifeli linaagizwa jingine, kwa sababu lengo la ekari limeshatangazwa London na hakuna wa kusema hapana. Tofauti haikuwa kwenye mashine.

Na hapa wadau naomba mnivumilie, maana nakuja kwenye jambo ambalo kwetu halizungumzwi kwa sauti kubwa.

Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi ya Jumanne, meli ya MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikiwa imekaribia Mwanza. Ilitoka Bukoba usiku, ikapita bandari ya Kemondo, ikapakia watu na ndizi. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Orodha iliyokuwepo ilikuwa ya abiria wa daraja la kwanza na la pili, daraja la tatu halikuwa na orodha. Shangazi yangu, aliyezaliwa baada ya baba, alikuwa daraja la tatu. Mimi sikuwa nimezaliwa. Namjua kwa picha moja ya pasipoti na kwa namna babu anavyonyamaza redio ikitaja tarehe hiyo.

Meli inapimwaje isipinduke? Hili nililisoma kwa sababu ya shangazi, na lilinishangaza jinsi lilivyo rahisi. Meli ikiwa imetulia bandarini, unaning'iniza timazi ndani yake, ileile ya fundi mwashi, ila kamba ndefu. Unachukua vitu vizito ambavyo uzito wake unaujua, unavihamisha kutoka upande mmoja wa sitaha kwenda mwingine. Meli inainama kidogo, timazi inasogea. Unapima imesogea kiasi gani. Kutokana na hapo mhandisi anapiga hesabu kitovu cha uzito kiko juu kiasi gani, na meli hiyo ikilala upande itainuka au itaendelea kulala. Uzito, kamba na rula, basi. Kila meli ya abiria inatakiwa ipimwe hivyo inapojengwa, na ikibadilishwa umbo inapimwa tena.

Ila namba inayotoka ni ya meli ile, na mzigo ule. Ukipakia watu mara mbili, ndizi juu, na matangi ya chini yanayotakiwa kuwa na maji ya kuituliza yakiwa matupu, ile karatasi haikulindi. Ile MV Bukoba, uthabiti wake ulikuwa na mashaka hata kabla ya siku hiyo, na serikali iliunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga kuchunguza. Hata baada ya kupinduka ilielea kwa muda tumbo likiwa juu, na watu ndani wakisikika wakigonga bati. Likakatwa tundu wawatoe. Hewa iliyokuwa inaielea ikatoka, meli ikazama. Hakuna aliyekuwa amewahi kufanya mazoezi ya siku kama ile. Hata uokoaji ulijaribiwa kwa mara ya kwanza juu ya watu wa kweli.

Na miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa abiria 101 kikapinduka Ukara, wakafa zaidi ya 220. Nani alikuwa hajui kwamba kivuko kina kiwango? Kiwango kilijulikana. Kipimo kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama kwenye ngazi ya kupandia akasema: wewe bakini, hampandi, imejaa.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye mawazo yangu kesho yake, nimekaa na babu nyuma ya nyumba, ndipo nikaliona jiwe.

Ni jiwe jeusi, laini, ukubwa wa kichwa cha mtoto na nusu, lina alama ya rangi nyeupe iliyofifia. Tangu utoto nalijua kama jiwe la kuzuilia mlango wa stoo. Nikamuuliza lile la nini. Akacheka. "Hilo ndilo kamera yangu," akasema.

Zamani, wanunuzi wa kahawa walipokuwa wanakuja nyumba kwa nyumba na mizani ya kuning'iniza, babu aliokota jiwe mtoni, akalibeba mpaka mahali penye mizani yenye muhuri wa serikali, likapimwa: kilo 12. Akalitia alama. Kuanzia siku hiyo, mnunuzi akija kununua kahawa ya maganda, kabla ya gunia linatundikwa jiwe. Siku moja jiwe likasoma kilo kumi. Babu hakugombana. Akamwambia tu, "Jiwe langu halijakonda, bwana. Mizani yako ndiyo mgonjwa." Gunia la kilo 60 pale lingesoma 50. Katika kila magunia sita, moja la bure. Akalirudisha gunia stoo, yule mtu akaondoka.

Siku hizi kuna Wakala wa Vipimo, tangu 2002, kazi yao ni hiyo, kuhakiki mizani na kuibandika stika, na sheria ipo. Lakini nilipomsifia babu kwamba yeye alikuwa Wakala wa Vipimo kabla ya Wakala wa Vipimo, hakucheka. Akasema kuna mwaka jiwe lilibaki stoo.

Ulikuwa mwaka ule wa 1996. Baada ya msiba. Kulikuwa na nauli za kwenda Mwanza kutafuta mwili, kwenda na kurudi, mara mbili. Hawakuupata. Pesa hakuna, kahawa bado haijaiva. Akauza butura. Kwa wasio wa Kagera: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya mwenye shida. Ilipoiva, mnunuzi akaja na mizani yake akapima mwenyewe. Babu akaangalia tu.

"Ningelileta jiwe ili iweje?" akaniambia. "Likisoma kumi, ningemwambia rudi? Kahawa ilikuwa yake tayari."

Wadau, nimesoma mihula minne na sijasikia mhadhara unaosema vizuri zaidi ya hapo. Nilikuwa nafikiri swali ni moja, uliipimia wapi. Ni mawili. La pili ni: na ukikuta haifai, una uwezo wa kukataa? Marubani wa Mafia waliweza kukataa Sopwith. Datsun waliweza kurudi kwao na gari bovu. Tengeru waliweza kumwambia muuzaji jembe lako halifai huku. Kongwa hawakuweza, maana ahadi ilitangulia kipimo. Na abiria wa daraja la tatu pale Kemondo, mwenye ndizi zinazoiva na meli inayoondoka sasa hivi, angekataa vipi?

Kwa hiyo mashine yoyote inayoletwa, iwe trekta, kivuko, mita ya umeme au hata ile mitambo mipya ya pale mtoni kwetu, usiulize tu kama imejaribiwa. Uliza imejaribiwa wapi, na nani alikuwa na mamlaka ya kusema hapana siku hiyo. Kama hakuwepo, basi jaribio ndiyo linaanza, na wewe ndiyo kifaa.

Kamera niliirudisha Kariakoo. Muuzaji akaniambia bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Nilikuwa nimeshalipa yote, mnaelewa. Nikaipeleka kwa fundi, akaifungua, akapuliza vumbi jekundu la Kyerwa likadondoka kwenye karatasi nyeupe, kidogo tu, kama pilipili. Sasa inafanya kazi. Likizo ijayo naifunga kwenye mfuko wa nailoni na naenda nayo tena. Picha ya kwanza itakuwa ya jiwe, ya pili babu. Akikubali, ya tatu nitaipiga ile picha ya pasipoti, kabla haijafifia kabisa.

Kesho saa moja asubuhi nina semina na sijasoma hata ukurasa. Tuko pamoja. Nawasilisha.